Nani Alipewa Tanuri? Majibu ya Maswali Yenu Kuhusu Hati za Dola za Wanamsalaba

Katika toleo lililopita niligusia dola nne ambazo Wakristo wa Ulaya Magharibi walizianzisha Shamu na Palestina wakati wa Vita vya kwanza vya Msalaba na miaka iliyofuata: ufalme wa Yerusalemu, mji uliotekwa tarehe 15 Julai 1099, pamoja na Antiokia, Edessa na Tripoli. Nilisema kwamba anayetaka kuzielewa aweke kando kwanza habari za mapanga, asome hati: nani alimpa nani nini, na mbele ya nani. Barua zilizokuja ni nyingi kuliko nafasi niliyopewa. Nimechagua zile zinazosaidiana kwa majibu.

Shikamoo Mwalimu. Nimesoma kwamba sheria zote za ufalme wa Yerusalemu zilifungiwa sandukuni, na sanduku lenyewe likapotea Salahuddin alipouchukua mji. Kama ndivyo, sisi tunajuaje chochote? — Mwanafunzi wa historia, mwaka wa pili

Marahaba, mwanangu. Habari ya sanduku tumeipata kwa wanasheria wa karne ya 13, hasa Philip wa Novara. Yeye anasema kila sheria iliandikwa kwa herufi kubwa, herufi ya kwanza ikapambwa kwa dhahabu, vichwa vya habari vikawa vyekundu, na chini ikatiwa mihuri ya mfalme, ya Patriarka (mkuu wa Kanisa la Yerusalemu) na ya liwali wa Yerusalemu. Sanduku likawekwa katika Kanisa la Kaburi Takatifu. Kulifungua ilihitajika mfalme au mwakilishi wake pamoja na mabwana wawili walio chini yake, Patriarka au mkuu wa kanisa lile pamoja na makanoni wawili, yaani mapadri wahudumu wa kanisa hilo, na liwali pamoja na wazee wawili wa baraza la mji. Hesabu mwenyewe, ni watu tisa.

Mimi nasadiki kwamba palikuwa na sanduku la hati. Sisadiki kwamba ndani yake mlikuwa na kitabu kamili cha sheria. Philip aliandika zaidi ya miaka 60 baada ya Yerusalemu kuanguka mwaka 1187, naye alikuwa mtetezi hodari barazani. Mahali ambapo sheria iliyoandikwa imepotea, mwenye kauli ni yule anayekumbuka, na Philip na wenzake ndio waliokuwa wakikumbuka. Habari ile iliwafaa mno, kwa hiyo nataka ushahidi mwingine kabla ya kuikubali yote.

Tunachokijua leo kimetoka katika hati zilizokuwa mikononi mwa waliopewa. Wahospitali, lile shirika lililoanza kwa kuwauguza mahujaji, walihama na karatasi zao kutoka Akka hadi Saiprasi, kisha Rhodes, kisha Malta. Waraka wa Papa Paskali II wa tarehe 15 Februari 1113, uliowaweka chini ya ulinzi wa Roma, upo hadi leo katika Maktaba ya Taifa ya Malta. Makanoni wa Kaburi Takatifu walinakili hati zao katika daftari, na daftari hizo ziko Maktaba ya Vatikani. Genoa na Venice zilihifadhi nakala nyumbani kwao. Hazina ya nyaraka za wafalme wenyewe imetoweka, na ya Watempla, watawa wapiganaji, pia.

Jambo hilo lina uzito kuliko linavyoonekana. Maana yake ni kwamba shamba la bwana wa kawaida tunalisikia pale tu lilipoishia mikononi mwa kanisa, shirika au mji wa Italia. Mfano ni Joscelin III, mjomba wa mfalme Baldwin IV, aliyejikusanyia ardhi nyingi karibu na Akka. Mwaka 1220 binti yake Beatrix na mumewe Otto wa Henneberg waliliuzia eneo hilo Shirika la Wajerumani, watawa wapiganaji wengine, lililoongozwa na Hermann von Salza. Ardhi ilipouzwa, na hati zake zikaenda nayo. Ndiyo maana tunaweza kuufuata utajiri wa Joscelin kipande kwa kipande, ilhali majirani zake wengi wamebaki majina tu.

Mwalimu, nianzie wapi ninaposoma hati moja? Zinachosha, zote zinaanza kwa jina la Utatu Mtakatifu. — Msomaji wa siku nyingi

Anzia mwisho, kwenye mashahidi. Mimi hutenga daftari safu nne: mtoaji, mpokeaji, kitu, mashahidi, na safu ya mwisho ndiyo ninayoijaza kwanza. Orodha hiyo hukuonyesha nani alikuwa karibu na mfalme mwaka ule, nani ametangulizwa mbele ya nani, nani aliyekuwapo mwaka jana na sasa hayupo. Kisha tazama muhuri kama umesalia. Ule wa wafalme wa Yerusalemu ulikuwa wa risasi, umening'inizwa kwa uzi: upande mmoja mfalme ameketi kitini, upande wa pili majengo matatu ya mji, yaani Kaburi Takatifu, Mnara wa Daudi na lile kuba walilokuwa wakiliita Hekalu la Bwana. Kuzunguka majengo hayo pameandikwa kwa Kilatini kwamba huu ni mji wa Mfalme wa wafalme wote. Utangulizi wa Utatu Mtakatifu usome mara moja tu, kisha uruke.

Uliandika kwamba Godfrey aliwapa Wahospitali kijiji na matanuri mawili. Kijiji naelewa. Tanuri la mikate lina thamani gani hata mtawala wa nchi aligawe kwa hati? — Mwoka mikate

Nashukuru sana kwa swali hili, dada yangu, kwa sababu wanaume wengi walioandika vitabu kuhusu enzi ile wanaruka matanuri na kukimbilia ngome.

Tanuri la Yerusalemu ya wakati ule lilikuwa haki ya mwenye mji. Watu walikanda unga nyumbani, wakaupeleka kuokwa kwenye tanuri lake, nao wakalipia kuoka. Kijiji kinaweza kuchomwa moto na wavamizi, mavuno yanaweza kuliwa na nzige, lakini madhali mjini kuna watu, tanuri linaingiza kitu kila siku. Godfrey wa Bouillon, mtawala wa kwanza wa dola ile ya Yerusalemu, alitawala mwaka mmoja tu, akafa Julai 1100, naye hakuwa na hazina iliyojaa. Alichokuwa nacho ni haki za aina hiyo. Kwa nyumba inayolisha mahujaji wagonjwa, kijiji cha Hessilia na matanuri mawili mjini vilikuwa chakula cha leo na cha kesho, na Baldwin I, ndugu yake, alivithibitisha kwa hati ya mwaka 1110.

Ukitaka kuona tanuri likiingia katika siasa kubwa, soma mapatano ya mwaka 1123. Mfalme Baldwin II alikuwa mateka. Wakuu wa ufalme walitaka kuuteka Tiro na hawakuwa na merikebu za kutosha, na Doje, yaani mtawala, wa Venice, Domenico Michiel, alikuwa amefika na kundi lake la merikebu. Patriarka Warmund akaandikiana naye huko Akka kwa niaba ya mfalme. Venice ikaahidiwa katika kila mji wa ufalme kanisa, mtaa mzima, uwanja, bafu na tanuri, vimilikiwe daima bila kodi, na theluthi ya Tiro na ya Ashkeloni miji hiyo ikitekwa. Juu ya hayo, bezanti (sarafu) 300 za dhahabu kila mwaka kutoka mapato ya soko la Tiro, zilipwe siku ya Watakatifu Petro na Paulo.

Sasa sogea karibu zaidi. Hati inasema kwamba Waveneti wakitaka kuwa na tanuri, kinu, bafu, mizani na vipimo vya divai, mafuta na asali katika mtaa wao wa Akka, basi yeyote anayekaa hapo yuko huru kuoka, kusaga na kuoga kwao, sawa na vile angefanya kwenye vyombo vya mfalme. Yaani mteja wa mfalme anaweza kuhamia kwa jirani, na hela yake ikaenda naye. Kuhusu vipimo, Mveneti akimuuzia Mveneti mwenzake au mtu mwingine yeyote atatumia kipimo cha Venice. Akinunua kwa mtu wa nje atatumia kipimo cha mfalme na kulipa ada yake. Wewe uliye sokoni utaona mara moja kwamba aliyeiandika hati ile alikuwa mfanyabiashara, au alikaa meza moja na wafanyabiashara hadi wakaridhika. Tiro ulitekwa tarehe 7 Julai 1124. Baldwin II alipofunguliwa alithibitisha mapatano mwaka 1125, ila akawaongezea Waveneti wajibu wa kushiriki kuulinda mji huo. Alijua thamani ya alichokikuta kimegawiwa akiwa kifungoni.

Mfalme huyohuyo, mwaka 1120, aliondoa ushuru uliokuwa ukitozwa langoni Yerusalemu kwa nafaka na kunde. Ngano, shayiri, dengu, choroko na maharage viingie bure, vikiletwa na Mlatini (Mkristo wa Ulaya Magharibi), Msiria, Mgiriki, Muarmenia au Mwislamu. Mji ulikuwa na nyumba nyingi kuliko watu, na njia ya kuujaza ilikuwa kushusha bei ya chakula. Katika hati zote za Baldwin II, hiyo ndiyo ninayoipenda kuliko zote.

Mimi ni wakili. Nimesikia kwamba mkataba wa Genoa na mfalme uliandikwa ukutani kwa dhahabu. Je, ni kweli? — Wakili

Wagenoa walidai hivyo. Walisema msaada wao katika vita vya mwanzo, ikiwemo kutekwa kwa Akka mwaka 1104, ulilipwa na Baldwin I kwa haki kubwa mijini, na kwamba haki hizo ziliandikwa kwa herufi za dhahabu ndani ya Kanisa la Kaburi Takatifu. Baadaye wakalalamika kwa Papa Aleksanda III kwamba herufi zimeondolewa katika enzi ya mfalme Amalric, na Papa akamwandikia mfalme azirudishe. Wanahistoria wamegawanyika: wako wanaosema hati na maandishi yote ni ya kughushi, na wako wanaoyatetea. Mimi niko na watetezi katika jambo moja, kwamba maandishi ya namna fulani yalikuwepo. Kanisa lile lilipitiwa na mahujaji kutoka kila pembe ya Ulaya, na Genoa ingekuwa imejiweka pabaya kudai mbele ya Papa kwamba ukuta ulikuwa na maandishi ambayo hakuna hujaji hata mmoja aliyewahi kuyaona. Kama maneno ya ukutani yalilingana na yale ya kwenye ngozi, hilo ni shauri jingine.

Tumsifu Yesu Kristo. Mwalimu, katika darasa letu la katekesi palizuka ubishi kuhusu Mtaguso wa Nablus. Mmoja anasema ulikuwa mtaguso wa Kanisa, mwingine anasema lilikuwa baraza la mfalme. Na je, ni kweli uliamua mavazi ya Waislamu? — Katekista

Milele na milele, amina. Wote wawili wana haki, na hapo ndipo utamu ulipo. Tarehe 16 Januari 1120 walikutana Nablus Patriarka Warmund na mfalme Baldwin II, pamoja na maaskofu na mabwana wa nchi. Miezi saba kabla, Juni 1119, jeshi la Antiokia lilikuwa limeangamizwa mahali palipoitwa baadaye Shamba la Damu. Nzige na panya walikuwa wamekula mazao miaka mfululizo. Watu wakasema ni adhabu ya dhambi, wakakaa kuziorodhesha.

Lakini tazama walichoanza nacho. Vifungu ni 25, na vya kwanza havisemi neno kuhusu uzinzi wala Waislamu. Vinahusu zaka. Mfalme analirudishia Kanisa zaka za ardhi yake na kuomba msamaha kwa zile alizozishikilia. Kabla ya kumnyooshea mwananchi kidole, mwenye nguvu kuliko wote ametoa alichokuwa amekalia. Nadhani Warmund alisisitiza mpangilio huo, na namheshimu kwa hilo.

Vinavyofuata ni vikali, na sitavipamba. Mwanamume aliyethibitika kuzini na mke wa mtu ahasiwe na kufukuzwa nchini. Mwanamke akatwe pua, isipokuwa mume wake amsamehe, na hapo wote wawili, mke na mume, wahame. Adhabu ya pua haikuwa desturi ya Ufaransa walikotoka wengi wao. Ilijulikana katika sheria za Wabizanti, yaani dola ya Wagiriki ya Konstantinopoli, na wataalamu wamelionyesha hilo vizuri. Wizi wa kitu chenye thamani ya zaidi ya bezanti moja uliadhibiwa kwa kukatwa viungo.

Kuhusu mavazi, ndiyo: kifungu cha 16 kinasema Mwislamu, mwanamume au mwanamke, akivaa kama Wafranki, yaani hao Walatini, atatwaliwa na hazina. Ni miaka 95 kabla ya Mtaguso wa Nne wa Laterano, wa mwaka 1215, kuagiza Wayahudi na Waislamu watofautishwe kwa mavazi katika nchi zote za Kikristo. Vifungu vilivyotangulia hapo vinaadhibu vikali kulala kati ya Wakristo na Waislamu. Ukivisoma pamoja utaona hofu yenyewe: sokoni Nablus au Akka mtu alikuwa hawezi tena kumtambua mwenzake kwa kumtazama, na waliotawala hawakutaka iwe hivyo.

Kifungu cha 20 msikiruke darasani. Kinasema padri aliyeshika silaha kwa ajili ya kujilinda hana hatia. Sheria ya Kanisa kwa karne nyingi ilikuwa imewakataza makasisi kumwaga damu. Mnamo wakati huohuo, Hugues de Payens na wenzake wachache walikuwa wanaanza mjini Yerusalemu maisha ya watawa wanaopigana, ambao dunia ilikuja kuwaita Watempla.

Kanisani kwetu mashirika ya kitawa hayatoi zaka kwa askofu na watu wananung'unika. Je, huko nako kulikuwa na manung'uniko? — Mzee wa parokia

Manung'uniko? Palikuwa na mishale, mzee wangu.

Wahospitali walikuwa wamepata kwa Mapapa msamaha wa zaka na uhuru mkubwa mbele ya maaskofu. Watempla nao walipewa uhuru kama huo na Papa Inosenti II mwaka 1139. Maaskofu wakabaki wanaangalia mashamba yanayohamia mikononi mwa mashirika, na kila shamba lililohama lilikuwa zaka iliyopotea. Patriarka Fulcher, mzee sana, alilalamika kwamba Wahospitali wanawapokea watu aliowatenga na Kanisa, wanapiga kengele na kufanya ibada hata alipoweka marufuku, na wamejenga majengo marefu mbele ya Kaburi Takatifu yanayolifunika kanisa. Kila alipopanda kuwahubiria watu, kengele za Wahospitali zililia zote kwa pamoja, asisikike. Alipozidi kulalamika, wakaingia na silaha wakapiga mishale kuelekea mlango wa kanisa. William wa Tiro, aliyeandika habari za ufalme ule, anasema mishale iliokotwa, ikafungwa pamoja na kutundikwa mbele ya Kalvari, na kwamba aliiona kwa macho yake.

Fulcher alisafiri na maaskofu wenzake hadi kwa Papa Adriani IV mwaka 1155, akarudi mikono mitupu. William anashuku kwamba makardinali walipokea zawadi. Alikuwa askofu mkuu, kwa hiyo upande wake unajulikana, lakini sababu ya kushindwa ilikuwa kubwa kuliko zawadi: Mapapa tangu Paskali II walikuwa wameandika na kutia muhuri, na kumpa Fulcher haki kungemlazimu Adriani afute maneno ya waliomtangulia.

Kwa nini Kanisa lilimwachanisha mfalme Amalric na mke wake ambaye alikuwa ameshamzalia watoto? — Mama wa watoto watatu

Mwaka 1163 Baldwin III alifariki bila mtoto, na ndugu yake Amalric akaitwa kutawala. Wakuu hawakumtaka mkewe Agnes wa Courtenay awe malkia. Patriarka, naye jina lake Amalric, alisema ndoa haikubaliki kwa sababu wao ni ndugu wa damu. William wa Tiro alikuwa masomoni Ulaya, hivyo aliporudi alitaka kujua udugu huo ulipitia wapi. Alimwendea Stephanie, abesi (mkuu wa watawa wa kike) wa Maria Mtakatifu Mkuu mjini Yerusalemu, mzee aliyekuwa shangazi ya Agnes, naye akamhesabia. Baldwin II na Joscelin wa kwanza wa Courtenay walikuwa watoto wa madada wawili. Baldwin alimzaa Melisende, Melisende akamzaa Amalric. Joscelin alimzaa Joscelin wa pili, naye akamzaa Agnes. Ukihesabu vizazi tangu mzazi wa wale madada, hiyo ni daraja ya nne, na sheria ya wakati ule ilikataza ndoa hadi daraja ya saba.

Udugu ulikuwa wa kweli, basi, na ulijulikana kabla ya harusi kwa yeyote aliyetaka kujua. Ulikumbukwa siku taji lilipokaribia. Agnes aliondoka, watoto wake Sibylla na Baldwin wakatamkwa kuwa halali, na wote wawili walikuja kutawala. Namwonea uchungu Agnes. Vitabu vingi vinamsimulia kwa maneno ya wale waliomwondoa.

Assalaam alaykum. Mtumwa Mwislamu aliyebatizwa katika nchi zile, alikuwa huru? Na ndoa yake je? — Msomaji Mwislamu

Wa alaykum salaam. Umeuliza swali ambalo ningependa kila mtu aulize.

Desturi ya ufalme ilisema mtumwa akibatizwa anakuwa huru. Matokeo yake ni kwamba wenye watumwa waliwanyima ubatizo. Jacques de Vitry, aliyefika Akka mwaka 1216 kuwa askofu wake, aliandika kwa hasira kwamba mabwana Wakristo wanawakatalia watumwa wao ubatizo ingawa wanauomba kwa machozi. Watu waliosema wamevuka bahari kwa ajili ya imani walimzuia mtu asiingie katika imani hiyo ili wasipoteze kazi ya mikono yake. Roma ilijibu mwaka 1237. Papa Gregori IX aliamuru watumwa wanaoomba kwa moyo safi wabatizwe, mradi waahidi kubaki katika utumwa wao wa awali, na wenye mali wawaruhusu kwenda kanisani na kuungama. Sijui namna nyingine ya kuusoma uamuzi huo: haki ya uhuru ilitolewa kafara ili mlango wa kanisa ufunguliwe. Hati za mashamba za nchi hiyohiyo zinataja wanavijiji wakipewa bwana mpya pamoja na ardhi, visima na mizeituni, nao hawamo kati ya mashahidi.

Kuhusu ndoa, Papa Inosenti III alimjibu askofu wa Tiberia mwaka 1201. Askofu alikuwa ameuliza habari za waongofu waliooa jamaa zao kwa sheria zao, na wenye wake wengi. Papa akasema ubatizo unaondoa dhambi, hauvunji ndoa. Aliyeoa ndugu katika daraja ambazo Kanisa linawakataza Wakristo abaki na mkewe, kwa kuwa sheria hiyo haikumfunga alipooa. Mwenye wake wengi abaki na wa kwanza. Waliobaki, na watoto wao, ndio waliolipia uongofu wa baba. Jibu la Inosenti likaingizwa katika mkusanyo rasmi wa sheria za Kanisa wa mwaka 1234, na likaamua mambo ya watu mbali sana na Tiberia.

Je, ni kweli Wakristo wa Akka walipiga sarafu zenye jina la Mtume Muhammad (S.A.W.)? — Msomaji huyohuyo, katika barua ya pili

Ni kweli, na kwa zaidi ya miaka 100. Bezanti zao za dhahabu ziliiga dinari za Wafatimi wa Misri, na sarafu zao za fedha ziliiga dirhamu za Dameski, maandishi ya Kiarabu, shahada na mwaka wa Hijra vikiwemo. Mfanyabiashara hupokea sarafu anayoifahamu, basi wakapiga ile inayofahamika. Eudes wa Châteauroux, mjumbe wa Papa aliyefuatana na mfalme Louis IX wa Ufaransa, alipoziona aliwatenga na Kanisa wote waliozipiga, na Papa Inosenti IV aliithibitisha hukumu hiyo Februari 1253.

Walichofanya wapiga sarafu wa Akka ni kuacha Uislamu na kubakiza Kiarabu. Sarafu mpya, za kuanzia mwaka 1251, zina msalaba katikati. Kuzunguka msalaba, kwa mwandiko wa Kiarabu, yamo maneno ya Paulo kwa Wagalatia kuhusu kujivunia msalaba wa Bwana wetu Yesu Kristo, kisha jina la Akka, na mwaka umehesabiwa tangu Masihi kuzaliwa. Dhahabu ilibaki hafifu kuliko ya Misri, kama ilivyokuwa kabla ya hukumu, na masoko yakaendelea kuipokea.